Jinsi Parakwati Inavyounguza Magugu ya Nyasi

Parakwati huua nyasi kwa kutumia mwanga wa jua na oksijeni, vitu ambavyo nyasi hizohizo huvitegemea ili ziishi. Uwezo wake wa kuua magugu uligunduliwa mwaka 1955 na kampuni ya ICI ya Uingereza, na dawa ikaingia sokoni mwaka 1962. Viuagugu vingi huzuia kimeng'enya fulani, na gugu hufa polepole kwa siku kadhaa. Parakwati hupora elektroni, na kwenye jua kali majani huanza kunyauka ndani ya saa chache.

Uporaji huo hufanyika ndani ya kloroplasti. Wakati wa usanisinuru, nishati ya mwanga husukuma elektroni kupitia mifumo miwili ya nuru. Mwishoni mwa safari, elektroni hupokewa na protini iitwayo feredoksini, kisha hutumika kutengeneza NADPH ambayo mmea unaihitaji ili kujenga sukari. Parakwati huzinyakua kabla hazijafika huko. Molekuli yake ikipata elektroni moja hugeuka radikali, na papo hapo huikabidhi elektroni hiyo kwa oksijeni. Oksijeni inakuwa supaoksaidi, nayo parakwati hurudi ilivyokuwa, tayari kupora tena. Kwa kuwa parakwati haimaliziki katika mzunguko huu, kiasi kidogo hutosha kuleta madhara makubwa maadamu mwanga upo.

Seli ya nyasi ina kinga yake. Kimeng'enya kimoja hugeuza supaoksaidi kuwa peroksidi ya hidrojeni, na vingine, vikisaidiwa na vitamini C na glutathioni, huigeuza peroksidi hiyo kuwa maji. Lakini kinga hiyo huhitaji NADPH ili ijirudishie nguvu, na elektroni za kuitengenezea ndizo zinazoporwa. Hivyo sumu huongezeka wakati uleule kinga inapodhoofika. Hali hiyo, ya aina kali za oksijeni kuzalishwa haraka kuliko seli inavyoweza kuziondoa, ndiyo mkazo wa oksidishaji.

Peroksidi iliyobaki hukutana na madini ya chuma yaliyomo kwenye seli na kuzaa radikali ya hidroksili, iliyo kali kuliko zote. Radikali hiyo hushambulia mafuta yanayounda tando za seli. Kila molekuli ya mafuta iliyoharibiwa huharibu ya jirani yake, mpaka utando unatoboka na maji na chumvi kuvuja. Watafiti huupima uharibifu huu kwa kiasi cha chumvi kilichovuja na cha malondialdehaidi, masalia ya mafuta yaliyovunjika.

Kasi ya parakwati ina kasoro yake. Tishu ambazo zingesafirisha dawa hufa mapema, kwa hiyo parakwati haifiki mbali na pale ilipoangukia. Miche michanga ya nyasi za msimu mmoja hufa, lakini sangari, nyasi ya kudumu, huchipua upya kutoka kwenye mashina yaliyo ardhini. Kupuliza jioni husaidia kiasi, kwa sababu dawa hupata usiku wa kusambaa kabla jua halijaanzisha uporaji. Maji ya tope hayafai, kwani udongo wa mfinyanzi huishika parakwati kwa nguvu na kuifanya isifanye kazi.

Nyasi nazo zimejifunza kujinusuru. Nchini Malaysia, Eleusine indica, ndugu wa mwitu wa ulezi, imejenga usugu dhidi ya parakwati. Nyasi nyingine, Lolium rigidum, ikiwa sugu huifungia dawa kwenye vakuoli, yaani kifuko kilicho ndani ya seli, mbali na kloroplasti, na uporaji hauanzi. Njia ya kuchelewesha usugu ni kutotegemea dawa moja msimu hadi msimu, bali kubadilisha viuagugu vyenye utendaji tofauti na kuchanganya na palizi na mzunguko wa mazao.

Mzunguko huohuo wa supaoksaidi hutokea katika mapafu ya binadamu aliyemeza parakwati, na hakuna dawa inayoweza kuibatilisha sumu hiyo. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2007. Pale inaporuhusiwa, isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji, na ifungiwe mahali ambapo mtoto hafiki.