Sifa za Mkunjo wa Ddakji

Watazamaji wengi wa Afrika Mashariki waliiona ddakji, mchezo wa Kikorea wa kupindua vipande vya karatasi vilivyokunjwa, kwa mara ya kwanza mwaka 2021, katika sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Squid Game. Kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi, mwanamume mwenye suti, anayeigizwa na Gong Yoo, anamkabili mtu aliyezama kwenye madeni, anayeigizwa na Lee Jung-jae. Anatoa mkobani vipande viwili vya karatasi vya mraba, kimoja chekundu na kingine cha buluu. Kila anayepindua cha mwenziwe analipwa won 100,000. Mdaiwa hana kitu mfukoni, basi analipa kwa mashavu yake, kofi baada ya kofi.

Onyesho limeundwa kwa ustadi, lakini limeushika mchezo ukiwa umeshafika nusu. Vipande vilitoka mkobani vikiwa vimekunjwa tayari. Hatukuiona mikono iliyovikunja, na kwangu mimi uzuri wa ddakji uko kwenye mikono hiyo.

Kazi yenyewe haitaki mkasi wala gundi. Zinatakiwa karatasi mbili. Kila moja hukunjwa kwa urefu mpaka iwe utepe mnene, wenye urefu unaokaribia mara tatu ya upana wake. Ncha za utepe hukunjwa kimshazari, moja ikielekea huku na nyingine kule, zikatoka pembetatu mbili. Kisha tepe hizo hulazwa msalaba, moja juu ya nyingine. Hapo ndipo panaponifurahisha zaidi: pembetatu nne hufungwa kuelekea katikati kwa zamu, kila moja ikiilalia iliyotangulia, na ya nne huchomekwa chini ya ile ya kwanza, kama msukaji wa mkeka anavyoficha ncha ya ukindu ndani ya msuko. Kila pindo linashika na linashikwa. Unabaki na mraba imara, upande mmoja mtupu, upande wa pili ukionyesha mistari miwili inayokatana kutoka kona hadi kona.

Mkunjaji hodari hupitisha ukucha juu ya kila mkunjo, akirudia mpaka karatasi isalimu amri. Akimaliza, huiweka chini na kuikanyaga kwa kisigino ilale sawasawa. Bidii hiyo ina sababu, kwa maana mchezo wenyewe utaikagua kazi yake. Baada ya kuamua nani aanze kwa vidole, yaani mkasi, jiwe na kitambaa, aliyeshindwa huweka ddakji yake chini. Mwenziwe huinua mkono na kuipiga kwa ddakji ya kwake. Kishindo hicho hufukuza hewa pembeni kwa ghafla, na hewa ikikuta kona iliyoinuka hata kidogo, huingia chini yake na kuinyanyua. Ikipinduka, imechukuliwa. Isipopinduka, zamu inahama. Wapo wanaoweka mguu kando ya ddakji ya mpinzani ili hewa isipate njia ya kutorokea. Uzito nao una mtego wake: karatasi nyingi hukupa pigo zito, ila unene ukizidi, kingo hukaa juu na mpinzani amepata mlango. Kwa hiyo mkunjaji anapima mashambulizi na ulinzi kabla hajasimama uwanjani, akiwa bado na karatasi mapajani.

Korea ni nchi yenye historia ndefu ya karatasi. Hanji, karatasi yao ya gome la mforosadi, ilifunika madirisha na milango ya nyumba za zamani, na ikipakwa mafuta ikawa sakafu. Kitabu cha Jikji, kilichochapwa kwa herufi za chuma mwaka 1377 katika hekalu la Heungdeok mjini Cheongju, ndicho kitabu cha zamani zaidi cha aina hiyo kilichobaki duniani. Watoto walipata masazo: daftari lililojaa, gazeti la jana, kalenda ya mwaka uliokwisha, na baadaye boksi la maziwa. Kila sazo lina tabia yake. Gazeti ni laini na linadai matabaka mengi. Kalenda ni ngumu na inatii ukucha.

Viwanda navyo vilileta vipande vyake, vya duara vilivyochapwa picha, kisha vya mpira na plastiki. Mtoto alifurahi kuvikusanya, sina ugomvi na furaha hiyo. Lakini kinachonunuliwa dukani kikipinduliwa, mtoto amepoteza kitu cha dukani tu. Ddakji ya karatasi ikichukuliwa, imeondoka kazi ya vidole vyake, na mshindi akiifungua ataona jinsi mwenziwe alivyokunja na alipolegeza. Dau la namna hiyo lina heshima kuliko won 100,000, na halimpigi mtu kofi. Aliyepoteza anaweza kuinuka, akatafuta karatasi nyingine mbili na kukunja upya, safari hii kona zikiwa zimebana zaidi.

Basi msomaji, usiende kununua ddakji. Ng'oa kurasa mbili za kalenda ya mwaka jana ukunje yako, na mtoto aliye karibu nawe mpe kurasa mbili nyingine akunje yake mwenyewe.