Motere inayoimba tamu

Wahitimu wenzangu, leo sihakiki kitabu. Nahakiki sauti.

Mtoto wa mjomba alirudi Uvira na kagari ka kuchezea, mfano wa kamio, kanakoongozwa kwa redio. Ndani yake kuna motere ndogo ya mapigo mawili inayokunywa metanoli, nitrometani na oili, vyote vimechanganywa pamoja. Watoto wa mtaa walikashangilia siku mbili. Siku ya tatu mwenyewe akakaza skrubu ya karbiratere ili kakimbie zaidi. Kweli, kakakimbia. Sauti ikawa nyembamba na tamu, moshi ukapotea, kisha kimya. Pistoni ilikuwa imeungua na kushika.

Watu walicheka. Mie sikucheka, juu sauti ile ile naisikia Kalundu kwenye boti zetu.

Motere ya pikipiki nyingi za huku ni ya mapigo manne, ina oili yake chini, peke yake. Ya mapigo mawili haina. Oili inaingia pamoja na esansi. Kwa hiyo ukipunguza mafuta ili uokoe pesa, umepunguza pia kinacholainisha pistoni, na wakati huohuo hewa imezidi na moto umepanda. Unapiga chuma mara mbili. Kinachodanganya ni hiki: kabla ya kufa, motere inaimba vizuri kuliko siku zote.

Ndiyo maana siukubali usemi wa bandarini, «punguza oili, iko inakula pesa». Motere nyingi za boti zinaomba lita 1 ya oili kwa lita 50 za esansi. Bidoni la lita 20 linahitaji mililita 400. Wengi wanamimina kwa macho. Najua sababu: esansi ni ghali, mwenye boti anahesabu kila safari. Lakini motere ikishika katikati ya ziwa, kiangazi, upepo wa kusini ukivuma na abiria wa Baraka wamejaa, hesabu hiyo inalipwa na nani?

Na kumimina oili nyingi kwa woga si dawa. Bujii inachafuka, motere inakohoa, nayo inaweza kukuacha hapo hapo.

Sasa lawama yetu sisi. Shuleni niliandika ubaoni, kwa Kifaransa, sheria zote za mchanganyiko wa hewa na mafuta, nikapata pointi. Bujii sikuwahi kuifungua. Aliyenifunza kuisoma ni fundi mmoja muzee asiye na diploma: kahawia, sawa, nyeupe, inaungua, nyeusi na mbichi, mafuta yamezidi. Kwa kagari kale pia alikuwa na jibu: dondosha tone la maji juu ya kichwa cha motere. Likikauka papo hapo, zima, legeza skrubu. Moshi kidogo wa nyuma usiuonee haya, ndiyo alama kwamba oili inapita.

Fundi yule ana sikio, sisi tuna kipimo. Tumeviacha vikae mbali, halafu tunamwita yeye mjinga. Chupa moja yenye alama ya mililita 400, ikichorwa na mhitimu na kukabidhiwa Kalundu, ingefaa ziwa hili kuliko kazi yangu ya mwisho wa masomo.

Ya kwangu naanza kuchora kesho. Ninyi je?