Damu Iliyochukuliwa Kabla ya ARV

Mgonjwa wa UKIMWI ametibiwa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu ya kriptokokasi, akaanza ARV, akapata nafuu. Wiki au miezi michache baadaye kichwa kinauma upya na shingo inakakamaa. Mara nyingi si kuvu iliyorudi. Ni kinga yenyewe: imeamka ghafla, ikayavamia mabaki ya kuvu kwa nguvu kupita kiasi, ubongo ukaumia. Madaktari huiita IRIS.

Jijini Kampala, kundi la David Meya na David Boulware lilitaka kujua kama damu inaweza kumtambua mapema atakayepatwa. Uzito wa kazi yao uko katika wakati: damu ilichukuliwa kabla ya ARV kuanza. Wagonjwa 101 wakafuatiliwa, 45 wakapata IRIS, ndipo protini za damu ile ya mwanzo zikalinganishwa.

Matokeo yalitoka 2010. Waliopata IRIS walikuwa na CRP, protini ya damu inayopanda mwili unapovimba kwa ndani, ya juu tangu mwanzo, lakini TNF-alfa, mojawapo ya silaha za kinga, ilikuwa chini. Kinga iliyozubaa mwanzoni ndiyo iliyolipuka baadaye! Vipimo saba vilipounganishwa, waliowekwa kundi la hatari kubwa walipata IRIS kwa asilimia 83. Hata hivyo, katika kundi la hatari ndogo bado walipatwa asilimia 23, karibu mtu mmoja kwa kila wanne. Huwezi kumwambia mgonjwa aende nyumbani kwa amani kwa kigezo hicho.

Vipimo saba ni mzigo mzito kwa maabara ya mji kama Chwele, kule Bungoma, Kenya. CRP peke yake ni rahisi, na ilipozidi miligramu 32 kwa lita wakati wa kuanza ARV, iliashiria hatari ya kifo. Tatizo ni kwamba malaria nayo huipandisha CRP, na Bungoma malaria haiishi. Tarakimu hiyo haina maana mpaka malaria, nimonia na kifua kikuu vitafutwe kwanza.

Lakini je, ARV ianze lini? Jibu lilitoka 2014 katika jaribio la COAT, Uganda na Afrika Kusini, lenye wagonjwa 177. Walioanzishiwa ARV ndani ya wiki mbili baada ya ugonjwa kutambuliwa walikufa asilimia 45 kufikia wiki ya 26. Waliosubiri takriban wiki tano, asilimia 30.