Mkono Uliofunga

Nati ina pembe sita za kushikwa. Filta ya oili haina hata moja. Ni mkebe wa bati laini, mviringo, umejaa mafuta, umebanwa ubavuni mwa injini mahali ambapo mkono wa mtu mzima unaingia kwa kuomba radhi. Ndiyo maana mtu anaweza kumiliki spana zote, kuanzia namba 8 hadi 32, na bado akakwama kwenye kazi ambayo kila mwenye gari anaiita ndogo: kumwaga oili.

Mzee mmoja wa Gerezani, hapa Dar es Salaam, ndiye aliyenifanya niiheshimu kazi hiyo. Ukimpelekea gari, hakimbilii sanduku la zana. Anatandika boksi, anaingia mvunguni, anaipangusa filta kwa kitambaa kikavu mpaka ing'ae, kwa sababu kinachomshinda mtu mara nyingi ni utelezi wa oili, wala si filta yenyewe. Kisha anaikagua. Akikuta alama za meno ya mnyororo kwenye bati, anajua gari limepita kwa mafundi wa aina gani. Akikuta mkebe mpya kabisa umebonyea kiunoni, anajua aliyefunga alikazia kwa chuma, na hapo utamsikia akiguna. Filta hufungwa kwa kiganja. Raba inapakwa oili mpya, mkebe unazungushwa mpaka raba iguse injini, halafu unaongezewa robo tatu ya mzunguko, basi. Zana ni za kufungulia. Anayekazia kwa zana anamchagulia mwenzake wa kesho silaha ya kuja nayo.

Kwa hiyo mzee huanza na mkono mtupu. Ukiteleza, anakunja kipande cha msasa, upande wa kukwaruza ukielekea kwenye bati, na mara nyingi kazi inaishia hapo. Ikigoma bado, ndipo anapoanza kuchagua, na kinachoamua ni nafasi iliyopo kuliko bei ya zana. Ile spana ya kikombe inayoivaa filta kichwani inataka saizi iwe yenyewe na mikunjo ya bati iwe mizima. Kikombe cha milimita 65 chenye pande 14 kinakaa sawasawa kwenye filta za Toyota nyingi za mjini, lakini ukikilazimisha kwenye filta ya kampuni nyingine kinazunguka bure na kuila mikunjo. Ile ya miguu mitatu hujibana yenyewe kadiri unavyoizungusha, ila inadai uwazi mbele ya mkebe, na injini nyingine hazina uwazi huo. Ya mnyororo inang'ata kila kitu, na inachong'ata inakiponda. Mzee anayo. Iko chini kabisa ya sanduku, imeviringishwa kwenye gazeti.

Anayoipenda huwezi kuinunua Kariakoo. Ni kipande cha mkanda wa kiti, kilichotoka kwenye gari lililokatwa spea, kikashonwa kwa uzi wenye nta na fundi viatu, kikafungwa kwenye nondo ya pembe nne ya nusu inchi. Nondo yenyewe inashikwa na spana namba 13, yenye mlegeo kidogo tu. Mkanda unauzunguka mkebe mara mbili, karibu kabisa na injini, pale bati linapokutana na sahani nene yenye matundu. Hapo ndipo penye nguvu. Ukishika katikati, utaukunja mkebe kabla haujazunguka. Mzee akivuta spana, nondo inaumeza mkanda, mkanda unabana, na kwa kitambo hakuna kinachotokea. Fundi mwingine angeongeza nguvu. Yeye anabaki na uzito uleule, mkono umetulia, mpaka raba iachie kwa mlio mdogo ambao usipokuwa makini huusikii. Kuanzia hapo filta inazungushwa kwa vidole.

Kijana wake, saidia fundi, huwa anaona kitambo hicho kama mwaka.

"Mzee, tupige bisibisi tu, mama anasubiri."

"Toboa, mwanangu. Ikichanika, utamweleza wewe kwa nini gari lake linalala hapa leo."

Maana bisibisi inayopenyezwa kwenye mkebe huwa na mambo mawili. Siku ya bahati, filta inazunguka na oili inamwagika mpaka kwenye kiwiko. Siku nyingine bati linachanika na kutoka vipande, ile sahani inabaki imeng'ang'ania injini, na hakuna tena cha kushika ila kwa tindo na nyundo. Nimewaona wenye magari wakicheka bisibisi ikizama, wakidhani ni ujuzi.

Hakuna aliyezaliwa na tatizo hili. Magari ya mwanzo yalitembea bila filta ya oili. Mmarekani Ernest Sweetland na wenzake walileta ile ya Purolator mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mkebe wa kuzungusha na kutupa ukaja kuenea kuanzia miaka ya 1950. Land Rover za zamani, zile zilizolima barabara zetu za vumbi, zilikuwa na bakuli la chuma na bolti moja ndefu katikati. Spana moja ilitosha. Kazi ilikuwa kwenye pete ya raba iliyojificha ndani ya mfereji wake juu, ambayo ilitolewa kwa ncha ya sindano, maana ukiweka mpya juu ya kuukuu oili yote ilimwagika njiani. Kosa hilo bado lipo: filta inatoka, raba yake inabaki imegandia kwenye injini, na asiye makini anafunga mpya juu yake. Mzee hupitisha kidole kuzunguka pale filta inapokaa, kila mara, hata akiwa ameiona raba kuukuu mkononi mwake. Akimaliza kufunga anaandika tarehe na kilomita kwenye mkebe, kwa kalamu ya wino mzito, ili atakayefuata asibahatishe.

Siku hizi oili inamwagwa hata panapooshwa magari. Kijana ana mnyororo mmoja, anafungulia huo na kukazia huohuo, "isije ikavuja." Mwenye gari amesimama kando na simu yake, anahesabu dakika.

Injini nyingi mpya za Toyota zimerudia mtindo wa bakuli, ila safari hii ni kofia ya plastiki, na kwenye nyingi kipimo cha kukazia, nyutoni-mita 25, kimeandikwa juu yake waziwazi. Hapo uchaguzi umefutwa: ni kikombe chake au usiguse. Nilidhani hilo lingetuokoa. Wapi! Nimeona kofia iliyopasuka ikipakwa silikoni na gari likarudishwa barabarani siku hiyohiyo.

Mzee amekinunua kikombe hicho, na vijana wa jirani huja kukiazima. Kinarudi kila mara kimechoka zaidi. Lile tundu la mraba linapoingia racheti limeanza kuliwa pembe, alama ya mtu aliyeongeza bomba kwenye mpini ili akaze mpaka mwisho. Nilimuuliza kwa nini anaendelea kuwaazima.

"Nikiwanyima," alisema, "watatumia mnyororo."