Maji, Manda na Makala: Namna Sambusa ya Mboga Inavyopatikana Ikiwa Kavu Kolwezi

Sambusa ya mboga hukauka na kuvunjika vizuri mdomoni pale tu maji yanapokuwa yameondolewa kwa mpango, kuanzia kwenye mboga zenyewe hadi kwenye chombo cha kuwekea. Katika mji wa Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba, ulioko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi joto 95, na kwa sababu hiyo dengu na viazi vya kujazia huchukua muda mrefu zaidi kuiva kuliko Mombasa au Dar es Salaam, tena inafaa viivishwe kabisa kabla ya kufungwa, kwa kuwa dakika chache za mafuta hazitaviivisha.

Kabichi, lengalenga (yaani mchicha) na uyoga unaochumwa katika misitu ya miombo wakati wa mvua vyote vina maji mengi mno, nayo chumvi huyavuta nje. Kwa hiyo kabichi iliyokatwa nyembamba hutiwa chumvi, huachwa kwa robo saa, kisha hukamuliwa kwa nguvu. Uyoga nao hukaangwa peke yake bila kifuniko mpaka maji yake yakauke, ndipo vitunguu, karoti, bizari na pilipili vifuate. Mchanganyiko hupozwa kabisa, kwani ukifungwa ungali moto mvuke wake hulainisha unga kutoka ndani, na kosa hili huharibu sambusa.

Manda, yaani karatasi nyembamba za unga zinazofungiwa mboga, ndiyo sehemu inayodai ustadi mkubwa zaidi. Gramu 250 za unga wa ngano, chumvi kidogo na kijiko kimoja cha mafuta hukandwa kwa takriban mililita 125 za maji, donge likabaki gumu kiasi, likapumzishwa nusu saa ili lisukumike bila kujivuta. Vidonge husukumwa vikawa vichapati vidogo, hupakwa mafuta, hunyunyiziwa unga, hupangwa vinne vinne na kusukumwa tena kwa pamoja, kisha hupitishwa juu ya kikaango kikavu kwa muda mfupi kila upande, bila kuachwa vipate rangi, na kubanduliwa vingali moto. Hapo sehemu ya maji imekwisha kutoka kabla mafuta hayajapashwa moto.

Ingawa mabwawa ya Nzilo na Nseke huzalisha umeme katika eneo la Kolwezi, kaya nyingi bado hupikia makala (yaani makaa) kwenye mbabula, jiko lisilo na kitufe cha kupunguza moto, kwa hiyo joto huongozwa kwa wingi wa mafuta na idadi ya sambusa. Mafuta yanafaa yafikie nyuzi 160 hadi 170: kipande cha manda kikizama kidogo kisha kikapanda kikitoa povu, yako tayari. Mwanzoni povu huwa kubwa na lenye kelele. Likipungua na sauti ikififia, maji ya manda yamekaribia kwisha, na hiyo ni dalili ya kuaminika kuliko rangi.

Zikitolewa, sambusa husimamishwa kwenye chujio bila kurundikwa wala kufunikwa, hasa katika miezi ya mvua; zile za kuliwa baadaye ni afadhali zikaangwe nusu, zipoe, kisha zirudishwe kwenye mafuta wageni wakishafika.