Ufundi wa Kuzimua
Seli T, aina ya chembe nyeupe ya damu, ukiitoa mwilini na kuiweka chupani, hata ukiipa sukari, chumvi na joto la nyuzi 37, haigawanyiki. Itakaa kwa muda, kisha itakufa. Mwaka 1976, Doris Morgan, Francis Ruscetti na Robert Gallo wa Marekani walionyesha namna ya kuzikuza seli hizo kwa miezi. Kwanza walizichokoza chembe nyeupe za damu kwa protini ya maharage mekundu, ileile inayomtapisha anayekula maharage yasiyoiva. Kisha walichukua majimaji yaliyokuwa yamezizunguka chembe hizo, wakayamimina kwenye seli nyingine. Zikazaana.

Majimaji hayo yalikuwa na nini, na kwa kiasi gani? Mwaka 1978, Steven Gillis na Kendall Smith wa Dartmouth walichapisha kipimo ambacho hadi leo nakistaajabia. Walikuwa na seli T za panya zisizoishi bila majimaji hayo. Walizisuuza vizuri, wakazigawa kwa idadi sawa kwenye vishimo vidogo vya sahani ya plastiki. Majimaji yenyewe waliyazimua hatua kwa hatua: nusu, robo, nusu ya robo, hadi yanapokwisha nguvu. Kazi hii inataka mkono uliotulia, kwa sababu kila hatua huchota kutoka ile iliyoitangulia, na tone likipungua mwanzoni, kosa husafiri hadi mwisho wa safu. Baada ya siku moja waliongeza thimidini yenye mionzi hafifu. Seli inayonakili DNA yake huimeza. Isiyojiandaa kugawanyika huiacha. Mionzi iliyonaswa ikawa hesabu ya ukuaji. Kifaa cha kupimia kilikuwa seli hai yenyewe!

Usahihi huo ulizaa matunda. Mwaka 1984, Doreen Cantrell na Smith waliuliza kwa nini seli zilizomo kwenye chupa moja hazianzi kugawanyika kwa wakati mmoja. Jibu lilikuwa na mambo matatu: wingi wa protini iliyokuwa ndani ya majimaji yale, ambayo sasa iliitwa interlukini-2, idadi ya vipokezi juu ya seli, na muda vinavyoendelea kushikana nayo. Seli hujumlisha yote matatu. Kiwango kisipotimia, hainakili DNA hata kidogo; kikitimia, inanakili yote.

Ndani ya seli, vipokezi vikishaunganishwa na interlukini-2, vimeng'enya vya JAK huiwasha protini ya STAT5, nayo huingia kwenye kiini na kuamsha jeni za ukuaji. Breki iitwayo p27 hupungua, na seli hugawanyika. Kichocheo cha maradhi kikiondoka, vipokezi navyo hupungua, na mgawanyiko hufifia.

Wanaokuza seli T za wagonjwa wa saratani bado huongeza interlukini-2 kwenye mifuko ya kukuzia. Nguvu yake huandikwa kwa yuniti za kimataifa, na yuniti hizo hupimwa kwa seli za panya za ukoo uleule, zikiwa kwenye vishimo, majimaji yakizimuliwa hatua kwa hatua.