Kibao cha Nambari kama Matini: Uhakiki wa Magari ya Filamu kutoka Mpaka wa Busia na Tororo

1. Utangulizi

Makala haya yanahakiki maandishi ambayo wahakiki wa filamu huyapita haraka: nambari za usajili za magari yanayoonekana katika filamu na vipindi vya televisheni. Mashabiki huzihifadhi nambari hizi kichwani na kuulizana katika michezo ya chemshabongo. Gari fulani lilikuwa na nambari gani? Nani anaikumbuka? Mchezo huo unafurahisha, lakini una upungufu. Huing'oa nambari kutoka kwenye hadithi na kuiacha kama tarakimu tupu. Hoja yetu ni kwamba nambari ya gari inaweza kuwa sehemu ya usimulizi, na kwamba anayeisimulia filamu kwa Kiswahili bila kuisoma nambari ya namna hiyo ameacha kutafsiri sehemu ya matini.

2. Mpaka unaosomwa kwa herufi

Hoja hii inaonekana vizuri zaidi mahali ambapo nambari husomwa kila siku. Busia ni mji mmoja uliogawanywa kati ya Kenya na Uganda. Kaskazini yake kuna Malaba, nayo imegawanyika vivyo hivyo, na upande wake wa Uganda umo katika Wilaya ya Tororo. Gari la Kenya kwa kawaida huwa na herufi tatu zinazoanza kwa K, tarakimu tatu na herufi moja ya mwisho. Mpangilio wa Uganda uliozoeleka kwa miaka mingi ni uo huo, ila wao huanza na U. Herufi hiyo moja humwambia ofisa wa forodha, wakala wa mizigo na mwendeshaji wa bodaboda gari limetoka wapi na linahitaji kibali gani. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kilipunguza hatua za ukaguzi, lakini hakikuiondolea herufi hiyo kazi yake.

Mambo mawili yanastahili kuongezwa. Kwanza, alama za kimataifa za magari, yaani EAK kwa Kenya, EAU kwa Uganda na EAT kwa Tanzania, hutanguliza herufi mbili za Afrika Mashariki kabla ya herufi ya nchi. Kanda hutajwa kwanza, taifa baadaye. Pili, neno bodaboda lilizaliwa katika mpaka huu, kutokana na waendesha baiskeli waliovusha abiria na mizigo kutoka upande mmoja hadi wa pili. Chombo kilichoipa kanda nzima neno hili hakikuwa na kibao cha nambari. Kwa hiyo, msomaji wa mpakani anafahamu nguvu ya kibao, na pia anafahamu maana ya kutokuwa nacho.

3. Aina nne za nambari katika filamu

Tukilitumia jicho hilo, tunaweza kuzigawa nambari za magari ya filamu katika aina nne.

Aina ya kwanza ni nambari inayotenda. Katika Goldfinger (1964), gari la James Bond aina ya Aston Martin DB5 lina vibao vinavyozunguka, hivi kwamba nambari ya Uingereza, BMT 216A, inaweza kubadilishwa kwa ya Ufaransa au ya Uswisi. Kwenye orodha za chemshabongo hiki ni kifaa cha kijasusi tu. Kwa mtazamaji wa Malaba, ambako malori hupanga foleni yakisubiri hati, huu ni ulaghai unaoeleweka mara moja: mtu amejipa uraia wa gari popote anapofika. Nambari hiyo imekuwa hata kumbukumbu ya mfululizo wenyewe. GoldenEye (1995) ilitumia BMT 214A, nayo Skyfall (2012) ikarejesha BMT 216A, miaka 48 baadaye. Asiyeisoma nambari hataona kwamba filamu inazungumza na historia yake.

Aina ya pili ni nambari inayosema. Katika Back to the Future (1985), gari la DeLorean lina kibao cha California kilichoandikwa OUTATIME, yaani muda umekwisha. Kina herufi 8, ilhali vibao vya jina vya magari katika jimbo hilo huruhusiwa herufi 7. Chemshabongo hukomea hapo. Uhakiki lazima uende mbele: gari linapotoweka kwa mara ya kwanza, kibao hicho hubaki nyuma kikizunguka chini. Gari limeuacha wakati wake, na kinachobaki ni maandishi yanayosema hivyo hivyo. Mtazamaji asiyejua Kiingereza huona kipande cha bati tu.

Aina ya tatu ni nambari inayoweka mahali. Rise and Fall of Idi Amin (1981), filamu ya Sharad Patel ambamo Mkenya Joseph Olita aliigiza Amin, inahusu Uganda lakini ilipigwa Kenya. Katika kazi ya namna hii, milima, barabara na miti ya nchi moja hutakiwa kusimama badala ya nyingine. Mandhari yenyewe haiwezi kufanya kazi hiyo peke yake, kwa kuwa kati ya Busia na Tororo udongo haubadiliki kwa sababu ya mpaka. Kinachoihamisha barabara kutoka Kenya hadi Uganda ni bendera, sare na herufi ya kwanza ya kibao. Mtazamaji wa mpakani ndiye hakimu mkali kuliko wote wa ukweli huo.

Aina ya nne ni nambari iliyopo tu. Gari dogo la kijani la Mr. Bean lina nambari SLW 287R. Mjuzi wa mfumo wa Uingereza ataifahamu London katika LW na umri wa gari katika R, lakini kichekesho hakitegemei lolote kati ya hayo.

4. Sauti ya msimulizi

Kanda yetu ina sanaa inayoweza kuzisoma nambari hizi. Wasimulizi wa filamu, kama marehemu Lufufu nchini Tanzania, DJ Afro nchini Kenya na VJ Jingo anayetumia Kiluganda nchini Uganda, hawajifungi kwenye maneno ya wahusika. Hufafanua, hukosoa na hutania. Manukuu yaliyoandikwa chini ya picha hufungwa na nafasi na muda. Sauti ya msimulizi ina uhuru zaidi. Kwa OUTATIME, msimulizi anaweza kutamka "muda basi". Akitaka kuandika, MUDABASI ina herufi 8 pia, na inabaki na utani wa gari ndani yake.

Huenda ikapingwa kwamba msimulizi hawezi kusimama kwa kila kibao. Ni kweli, na mgawanyo wetu unajibu hilo. Nambari inayotenda na inayosema zitafsiriwe. Inayoweka mahali itajwe kwa neno moja au mawili. Iliyopo tu iachwe.

5. Hitimisho na mapendekezo

Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha hatua za kukitekeleza, ikiwemo kukifundisha shuleni. Sera hiyo itapimwa pia nje ya darasa, katika vibanda vya video na sebuleni. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya lugha yatoe mwongozo wa kutafsiri filamu unaoyahesabu maandishi yaliyomo ndani ya picha kuwa sehemu ya matini. Pili, wasimulizi wa filamu wahusishwe katika kuuandaa, kwa kuwa wao ndio wenye hadhira.

Mtazamaji anayesomewa maneno ya wahusika pekee amepewa nusu ya filamu. Wakazi wa Busia na Malaba wanajua kwamba herufi moja ya kibao inaweza kulizuia gari mpakani. Wanastahili kuelezwa inafanya nini katika hadithi.